Kahawia Iliyokolea Haifichi Mbao

Wateja wanaofika karakana kwetu Keko siku hizi huanza kwa kunikabidhi simu. Kwenye kioo kuna kitanda, kabati au meza ya chakula ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, imesimama kwenye chumba cheupe chenye dirisha refu. "Dada fundi, nataka rangi hii hii, isipungue wala isizidi." Nami nauliza: mbao gani? Jibu huja kwa kusuasua. Seremala amesema paini, kwa sababu bajeti imegota hapo. Kitanda cha kwenye simu ni cha mwaloni au mti mwingine wa ng'ambo, na rangi inayoonekana pale imetokana na mti ule pamoja na kopo. Kopo naweza kulipata Kariakoo mchana huuhuu. Mti ule sina.

Kazi yangu ni ya mwisho katika safari ya samani. Seremala akishapiga randa, akaunga na kubana, kitu kinasukumwa upande wangu, penye msasa, vitambaa, makopo na bunduki ya sprei. Mezani hapo nimejifunza jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue kabla hajatoa advansi. Watu huagiza steni ya kahawia iliyokolea ili mbao ya bei nafuu ifanane na ya bei kubwa, kumbe ndiyo rangi inayotaja kwa sauti mti ulioko chini yake. Steni nyepesi husamehe mengi. Iliyokolea huanika kila kitu: vitundu, pete, vifundo, mikwaruzo ya msasa, hata tone la gundi ambalo seremala alisahau kulifuta.

Kilichomo ndani ya kopo

Rangi ya mafuta inayopakwa mlangoni hukaa juu ya mbao ikawa ngozi. Paka kahawia ya namna hiyo juu ya paini, paka juu ya mninga, utapata kahawia ileile mara mbili. Steni ni nyembamba, inaingia, na ziada yake inafutwa kwa kitambaa. Jicho linabaki likiona mambo mawili kwa wakati mmoja: rangi iliyotoka kwenye kopo na rangi ambayo mti ulikuwa nayo tangu porini. Kahawia juu ya mbao ya njano inavuta kwenye dhahabu. Kahawia hiyohiyo juu ya mbao nyekundu inavuta kwenye zambarau ya damu ya mzee.

Kopo lina vitu vitatu. Kuna rangi yenyewe. Kuna kimiminika cha kuibeba, ambacho huwa maji, spiriti, tapentaini au thina. Na kuna kiasi kidogo cha mafuta au gamu ya kuishikiza isitoke. Rangi yenyewe nayo ina aina mbili. Ya kwanza ni ya unga, na kwa kahawia mara nyingi ni udongo uliosagwa wenye oksidi za chuma na manganizi. Udongo huo ukiwa mbichi una ukijani kwa mbali. Ukichomwa moto unakuwa wa joto, wenye wekundu. Chembe zake haziyeyuki. Kopo likikaa limetulia zinazama chini na kuwa tope, ndiyo maana fundi asiyekoroga huanza kabati kwa kahawia hafifu na kulimaliza kwa nyeusi. Aina ya pili huyeyuka kabisa. Ni jamii moja na rangi ya kutilia nguo.

Tofauti yake ni kubwa. Rangi ya unga hukaa mahali penye shimo: kwenye vitundu vya mti na kwenye mikwaruzo ya msasa. Ya kuyeyuka hupenya mpaka ndani ya nyuzi, hata pale ambapo mbao ni ngumu na haina shimo la kushika chembe. Ya unga huvumilia jua. Zile za kuyeyuka nyingi hupauka zikiwekwa karibu na dirisha. Makopo mengi ya kahawia iliyokolea huchanganya zote mbili, na matokeo yatategemea mti unaipokea ipi zaidi.

Ukitaka kuona mbao inavyokunywa, tazama mwisho wa ubao, pale msumeno ulipokata kukingama. Mirija iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini imeachwa midomo wazi. Steni ikigusa hapo huzama papo hapo, na sehemu hiyo inakuwa nyeusi kabla uso wa ubao haujafika hata kahawia. Mimi hupiga msasa laini zaidi kwenye ncha zote, au huzipitishia kwanza sila nyepesi, dawa ya kuziba vitundu vya mbao. Meza ambayo ncha zake ni nyeusi na uso wake ni wa chokoleti, aliyeimaliza alikuwa na haraka.

Paini, inayogeuza mchoro

Mbao za paini zinazotufikia Dar es Salaam nyingi hutoka nyanda za juu kusini, hasa Mufindi, kwenye shamba la miti la serikali la Sao Hill. Mti wenyewe asili yake ni Mexico, na hukua haraka. Kila mwaka huongeza pete yenye sehemu mbili. Sehemu iliyokua mti ukiwa na maji ya kutosha ni pana, laini na nyeupe. Sehemu iliyokua ukuaji ulipopungua ni nyembamba, ngumu, yenye utomvu, na rangi yake inakaribia asali.

Sasa mwaga kahawia iliyokolea. Sehemu laini, iliyokuwa nyeupe, inakunywa bila kipimo na kuwa nyeusi. Sehemu ngumu inakataa, inabaki na unjano wake. Mchoro wote unapinduka: penye mwanga panakuwa giza, penye giza panakuwa mwanga. Mama mmoja aliyeletewa kitanda cha sita kwa sita kilichopakwa hivyo na fundi mwingine alikileta kwetu akilalamika kwamba ameuziwa pundamilia. Hakukosea sana.

Mistari ikiwa ni nusu ya shida, nusu ya pili ni mabaka. Utomvu haukugawanywa sawasawa ndani ya ubao, na nyuzi nazo huinama hapa na kunyooka pale. Steni hufuata hitilafu hizo, ikaweka wingu jeusi katikati ya mlango wa kabati bila kuomba ruhusa. Kwenye vifundo ni kinyume: havinywi, lakini joto likizidi hutoa utomvu unaosukuma vanishi kutoka chini.

Dawa yake ni kuipunguzia paini kiu kabla ya kuipa rangi. Nachanganya sila ya mbao na thina nyingi mpaka inakuwa nyepesi kabisa, napaka mkono mmoja, naacha ikauke, napitisha msasa laini kwa wepesi. Sehemu zenye kiu zaidi zimezibwa kiasi, steni inaingia kwa adabu. Gharama ni kwamba rangi haitakolea sana kwa mkono mmoja. Njia nyingine ni steni nzito ya ujiujiu, ambayo inakaa juu badala ya kuzama.

Njia ya tatu ndiyo inayotumika zaidi kwenye samani za barabarani: fundi anaweka rangi ndani ya vanishi yenyewe na kuipuliza kwa sprei, tabaka juu ya tabaka, mpaka paini inakuwa chokoleti tupu. Inapendeza na inakwenda haraka. Ila ujue rangi hiyo haimo ndani ya mbao, inaelea juu yake. Siku mguu wa kiti utakapogongwa na ndoo, patatokea kovu jeupe linaloonekana tangu mlangoni. Samani iliyopakwa steni kwanza, kisha ikapata vanishi, ikikwaruzwa inabaki kahawia kwa chini.

Mninga na dhambi ya kuufunika

Mninga ndio mti ambao Watanzania wengi huutaja wakitaka kusema samani ya maana. Unatoka kwenye misitu ya miombo, mikoa ya Tabora, Katavi, Ruvuma na kwingineko. Ukiukata gome unatoa utomvu mwekundu. Ndani, moyo wa mti una rangi ya dhahabu hadi kahawia yenye wekundu, na mara nyingi una michirizi ya giza ambayo hakuna ubao mwingine utakaoirudia vilevile. Ukikauka vizuri hauchezi. Droo ya mninga iliyotengenezwa na seremala makini hufunguka masika na kiangazi bila kubana.

Ukiupaka kahawia iliyokolea, vitundu vyake vipana vinajaa na kuwa vidoa virefu vyeusi, dhahabu inazimika, michirizi inamezwa. Unapata mbao ya giza, nzuri kwa haki yake, lakini ambayo ungeweza kuipata kwa mti wa nusu bei. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mninga hauhitaji kutembezwa. Mteja akisisitiza nampa kipande kimoja nilichokigawa nusu kwa nusu, upande mmoja vanishi tupu, upande wa pili steni, nikamwacha ashike. Wengi hubadili nia wenyewe.

Ipo sababu moja ya haki ya kutumia steni kwenye mninga. Sehemu ya nje ya mti, iliyo karibu na gome, ni nyeupe yenye unjano. Mbao zikiwa adimu, seremala hawezi kuitupa yote, hivyo ubao mmoja unaweza kuwa na ukingo mweupe na tumbo jekundu. Hapo nachukua brashi ndogo na steni iliyochanganywa kufuata rangi ya moyo, napaka ule ukingo peke yake. Kazi hiyo ikifanywa kwa subira hutajua palipounganika. Unahitaji pia kujua kwamba weupe ule haustahimili wadudu kama moyo wa mti unavyostahimili, na rangi haibadilishi hilo.

Mkangazi, mvule na mtiki

Mkangazi una wekundu wa waridi unaoelekea kahawia, na ni miongoni mwa mbao zinazopokea steni kwa heshima. Nyuzi zake huelekea upande mmoja kwenye tabaka moja na upande mwingine kwenye tabaka linalofuata, ndiyo maana ukiutazama huku unatembea unaona mikanda inayong'aa na kuzima. Kahawia iliyokolea huizidisha hali hiyo. Tatizo lake ni wekundu. Mteja anayetaka kahawia ya kahawa hupata kahawia ya divai. Mafundi wa zamani walijua la kufanya: kijani kidogo sana ndani ya steni hukata wekundu, kwa sababu rangi hizo mbili huuana. Ni matone. Ukizidisha, mbao inachukua rangi ya matope.

Mvule ukikatwa leo una unjano. Ukikaa kwenye mwanga unageuka wenyewe kuwa kahawia ya dhahabu. Aliyewahi kuondoa kitambaa kilichokaa muda mrefu juu ya meza ya mvule ameona umbo la kitambaa limebaki limechorwa pale. Kwa hiyo nikiupaka kahawia iliyokolea ungali mbichi wa rangi, nahesabu kwamba mti wenyewe utaendelea kukolea chini ya kazi yangu. Navuta steni kidogo nyuma ya kipimo cha mteja na kumwambia sababu. Mvule pia huweza kuficha mawe ndani yake, chokaa iliyoganda mti ungali hai, ambayo huua meno ya msumeno. Kipande cha jiwe kikitokea usoni, hakuna steni itakayokipata. Kinabaki doa jeupe mpaka kizibwe kwa pati ya rangi.

Mtiki, ambao wengine huuita msaji, uliletwa nchini wakati wa Wajerumani na leo unapandwa kwenye mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa na bonde la Kilombero. Una mafuta ndani yake. Mafuta hayo ndiyo yaliyoufanya upendwe na waunda vyombo vya majini, na ndiyo yanayofanya steni ichelewe kukauka au ikauke juujuu. Kabla ya kupaka naufuta kwa thina, kisha napaka palepale kabla mafuta hayajapanda tena. Mtiki wa shambani uliovunwa ukiwa mchanga una weupe mwingi wa nje, na kahawia iliyokolea husaidia kuusawazisha. Pete zake zenye vitundu vipana huchukua giza kwa mistari safi, na kwa macho yangu hakuna mbao ya hapa nchini inayokaribia zaidi zile picha za ng'ambo.

Kwenye mkangazi na mtiki kuna jambo la kuchunga. Miti hii ina tanini, na tanini ikikutana na chuma penye unyevu hutoa weusi wa bluu. Msumari usiopakwa kitu, au nyuzi za sufi ya chuma zilizobaki baada ya kusugua, zikiguswa na steni ya maji, huacha vidoa vyeusi ambavyo mteja atadhani ni ukungu.

Wanaosahaulika: grevilea, mwembe, MDF

Grevilea ilitoka Australia ikaja kuwa kivuli cha kahawa na chai, na kwa watu wa Kilimanjaro na Kenya ya kati ni mti wa uani. Mbao yake ina vimeta vipana vinavyokatiza nyuzi, hasa ubao ukipasuliwa kuelekea kiini cha mti. Vimeta hivyo havishiki rangi ya unga sawa na jirani zake. Kahawia iliyokolea inapoingia, vyenyewe vinabaki na mwanga, na uso mzima unapata madoadoa ya fedha juu ya giza. Kuna wanaokichukia kitu hicho. Mimi nikikipata napiga msasa kwa makini zaidi, kwa sababu ni urembo usiolipiwa. Vaa barakoa unapopiga msasa grevilea. Ngozi na pua za watu wengi hazielewani na vumbi lake.

Mwembe uliokwisha kuzaa hukatwa ukauzwa kwa bei nafuu. Mbao yake ni ya krimu yenye kahawia, nyuzi zikizunguka kila upande, mara nyingi na michoro ya giza iliyoletwa na kuvu. Hunywa steni kwa mabaka kuliko hata paini. Upatie sila nyepesi kwanza, au ukubali mabaka hayo yawe ndiyo sura yake, jambo linalofaa kwa sinia na vigoda kuliko kwa kabati la milango minne.

MDF haina nyuzi wala pete. Ni mbao iliyosagwasagwa na kushinikizwa kwa gundi. Steni juu yake hutoa kahawia bapa isiyo na uhai, na kingo zake zilizokatwa hunywa mpaka zinavimba zikipewa ya maji. Ikiwa imebandikwa vinia ya mti wa kweli, ile karatasi nyembamba ya mbao huchukua steni vizuri, mradi fundi wa msasa asiitoboe. Akiitoboa, doa litaonekana na haliondoki.

Na mpingo? Moyo wake ni mweusi na mzito kiasi kwamba kipande kikavu kikitumbukizwa majini kinazama. Hauhitaji steni na hauwezi kuinywa. Wanaoihitaji ni wale wanaouza vinyago vya miti mingine vilivyosuguliwa dawa nyeusi ya viatu vikaitwa mpingo. Kitambaa cheupe chenye tone la thina kwenye kitako cha kinyago hujibu swali kwa dakika moja.

Msasa na mwanga

Watu hudhani rangi inaamuliwa na idadi ya mikono ya kupaka. Msasa una kauli kubwa zaidi. Msasa namba 120 huacha mikwaruzo mingi, na kila mkwaruzo ni nyumba ya chembe za rangi, mbao inakolea. Namba 220 hulainisha mpaka chembe hazina pa kukaa. Mbao inabaki nyepesi. Kwa hiyo kabati ambalo mlango mmoja ulipigwa 120 na mwingine 220 litatoka na rangi mbili hata kama kopo ni moja na mkono ni mmoja. Kwa kahawia iliyokolea mimi huishia 150 au 180 kwenye nyuso, nikifuata nyuzi. Mkwaruzo unaokatiza nyuzi, ambao kwenye vanishi tupu hauonekani, kwenye kahawia iliyokolea huwaka.

Halafu kuna vanishi. Steni ikikauka inakuwa kavu, ya vumbi, na mteja anayeichungulia hapo hupata hofu. Vanishi ikipita juu, rangi inarudi na kuzama zaidi. Vanishi ya mafuta huongeza unjano wa kaharabu. Ya maji huacha rangi ilivyo, pengine na ubaridi kidogo. Inayong'aa huonyesha giza kwa kina, na pia huonyesha alama za vidole na vumbi la barabara. Iliyofifia huipa kahawia upole, nami huipendekeza kwa nyumba zenye watoto.

Mwanga ndio unaomaliza mabishano. Mbao niliyoipaka uani kwetu, saa sita, chini ya jua la Dar es Salaam, itakuwa kitu kingine sebuleni chini ya taa nyeupe, na kitu cha tatu chumbani chini ya balbu ya njano. Taa ya njano huamsha wekundu. Taa nyeupe ya ubaridi huizima kahawia ikakaribia kijivu. Chumba kidogo chenye dirisha moja hufanya kahawia iliyokolea kuwa nyeusi. Naambia wateja wa vyumba hivyo wapande ngazi moja juu, waagize kahawia ya kati, na wakiiweka kwao wataiona ni ile waliyoitaka.

Kusoma kilicho chini ya rangi

Kwa kuwa kahawia iliyokolea hutumika pia kuuza paini kwa jina la mninga, mnunuzi anapaswa kujua pa kuangalia. Vuta droo na tazama chini yake na nyuma yake, ambako fundi mvivu hapaki. Tafuta mwisho wa ubao: mninga na mvule ina vitundu vinavyoonekana kwa macho, paini haina vitundu, ina pete tu. Tazama vifundo, mninga wa samani huwa navyo vichache, paini ina safu. Bonyeza kwa ukucha mahali pasipoonekana. Paini hukubali alama. Nyanyua upande mmoja. Meta moja ya ujazo ya paini kavu ina uzito wa kama kilo 450 hadi 500, ya mninga hupita 600, na tofauti hiyo mkono huihisi kwenye ubao wa kitanda bila mizani. Mwisho, angalia mchoro wenyewe. Mistari myembamba yenye mwanga iliyotenganishwa na mipana ya giza, kwa mpangilio wa kawaida, ni paini iliyopinduliwa mchoro wake.

Kutumia paini si aibu. Ni mti unaopandwa ukavunwa ukapandwa tena, wakati mninga huchukua miongo mingi kufikia ubao wa maana. Aibu ni jina la uongo kwenye risiti. Kitanda cha paini kilichopewa sila, steni na vanishi kwa mpangilio, kikauzwa kwa jina lake, kinaweza kulaliwa na wajukuu.

Kwa anayetaka kujaribu nyumbani, mpangilio ni huu. Piga msasa kufuata nyuzi, pangusa vumbi lote. Koroga kopo mpaka chini. Paka kwa kitambaa cha pamba, subiri dakika chache, futa ziada yote kufuata nyuzi. Steni isiyofutwa haikauki, inanata. Ukitaka giza zaidi, subiri ikauke kisha rudia. Usipulize vanishi ya thina siku ya mvua za masika: unyevu hunaswa ndani yake ukaacha ukungu mweupe, na juu ya kahawia iliyokolea ukungu huo huonekana kuliko mahali popote. Na vile vitambaa vyenye steni ya mafuta usivikunje ukavitupa pembeni. Mafuta yanayokauka hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa vinaweza kuwaka vyenyewe. Vitandaze nje mpaka vikakamae, au vitumbukize majini.

Kama kazi unampa fundi, mwombe kitu kimoja ambacho fundi mzuri hatakunyima. Akate kipande kutoka mbao zilezile zitakazotengeneza kitanda chako, akipige msasa uleule, akipake steni ileile, akimalize kwa vanishi ileile. Kikikauka, kiandikwe kwa nyuma mchanganyiko uliotumika na saini zenu wote wawili. Kipeleke nyumbani, kiegemeze kwenye ukuta kitakapokaa kitanda, kitazame mchana, kitazame taa ikiwa imewashwa. Ukikipenda, rudi ulipe. Usipokipenda, utakuwa umepoteza kipande cha ubao, na fundi atakuwa amejua unachokitaka kuliko picha yoyote ya kwenye simu ingeweza kumweleza.